Paketi Nne Zilizorudi Nyumbani

Mimi si mtu wa kupoa haraka. Mume wangu anajua, na mji wetu wote wa Chaka unajua. Kwa hiyo nilipofungua sanduku la shule la binti yangu Anita siku ya pili ya likizo ya Aprili, nikakuta paketi nne za pedi nilizomnunulia Januari, hakuna hata moja iliyofunguliwa, damu ilinipanda kichwani.

"Hii pedi mbona imerudi vile nilinunua?"

Ana miaka kumi na sita. Alikuwa amejifunga skafu hadi mdomoni, nami nikadhani ni baridi tu.

"Ni mimba ya nani?"

"Hakuna mtu, mum. Haki ya Mungu."

Nikamzaba kofi. Halafu nikaogopa: niliogopa shule, niliogopa kanisa, niliogopa midomo ya watu sokoni.

Asubuhi nilimburuta hadi kliniki. Wakapima mkojo. Hana mimba! Nilicheka peke yangu, nikachukua mkoba tuondoke. Daktari, mama mmoja mpole anayeitwa Nasteha, hakucheka. Aliniambia nikae, kisha akamwomba Anita atoe skafu.

Kidevu cha mtoto wangu kilikuwa kimejaa majeraha ya wembe. Katikati ya majeraha, nywele ngumu zilikuwa zinaota.

"Mama Anita, hii inakaa ni homoni," daktari alisema. "Ovari hazifanyi kazi vizuri, ndiyo period imepotea na ndevu zinatoka. Tutapima tuwe sure. Wasichana wengi wako nayo, na iko na matibabu."

Nilishusha pumzi. Matibabu nayaelewa. Lakini alikuwa ameshamgeukia Anita.

"Na roho yako iko aje?"

Anita akaanza kulia. "Kwa dom, pale tunalala shuleni, wasichana wananiita Ben. Naamka saa kumi ninyoe kabla hawajaamka."

"Ushawahi kuona ni afadhali ufe?"

Nilitaka kumkatiza. Ni swali gani hilo la kumuuliza mtoto? Anita akatikisa kichwa kukubali.

"Lini?"

"Hii term, karibu kila siku. Na jana."

Jana tulikuwa nyumba moja, mimi nikipika kwa hasira, nikigonga sufuria ili anisikie.

"Mbona hukuambia mum?" daktari alimwuliza.

"Namwogopa."

Nilinyoosha mkono nimshike bega. Anita akafunika uso kwa mikono yote miwili, akingoja kofi.