Santuri Isiyo na Maneno

Tik, tik, sindano ilishuka gizani juu ya santuri, kisha fidla nyingi zikaanza kwa pamoja. Taa nilikuwa nimeizima ili mwanangu Alexis apate usingizi. Santuri hiyo ya okestra ya zamani niliinunua sokoni Lewisham, huku ughaibuni. Kwenye jalada lake kuna mwanamke mabega wazi.

Wifi yangu Euphrasie akaingia kutoka kanisani, akawasha taa.

"Mama Alexis, bado unayo? Muziki usio na maneno, utajuaje unamsifu nani? Itupe, ama namwambia pasta akutoe kwaya."

"Mwambie," nikasema. "Kutwa nzima kazini, kwenye nyumba ya wazee, naamriwa, osha huyu, geuza yule. Jioni darasani naamriwa tena. Hizi fidla haziniamuru kitu. Kwaya naipenda, wifi, lakini santuri haitoki humu."

"Na huyu wa mabega wazi?"

"Mkopeshe kitenge chako."

Akanuna, akanyoosha mkono ainue sindano. Nikaushika mkono huo, polepole, wala sikuuachia. Alexis, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, akaketi kitandani, akasema kwa Kiswahili:

"Shangazi, bado haijaisha."