Nyumba za Hetha

Effie Gillanders alikuwa akimenya viazi jirani yake, Morna, alipoingia bila kubisha hodi.

"Shoga, njoo uone. Hetha za Crispin zimechora nyumba."

"Nyumba gani?"

"Zetu. Za kina bibi."

Wakapanda mlimani. Bwana Crispin, mwenye ardhi ya bonde zima, alikuwa amejaza hetha kwenye mteremko wake, vichaka vifupi visivyopukutisha majani mwaka mzima. Vyote alivinunua vya kijani. Baridi ilipokaza, majani yakageuka rangi: mekundu yakachora kuta, ya dhahabu yakachora meko, na ya kijivu mazizi. Ndizo nyumba ambazo babu wa babu yake Crispin alizichoma moto, watu wakatimuliwa, kondoo wakapata malisho. Morna akalisugua jani kwa kidole chenye mate, maana madukani siku hizi mimea hupakwa rangi. Kidole kikatoka kisafi. Ilipofika jioni, meko yakaanza kufuka moshi.

Bwana Crispin alifurahi kupita kiasi. Akaweka lango, akauza tiketi na keki. Majaji wa mashindano ya bustani wakampa kikombe cha ubunifu, naye akakipokea bila haya, utadhani alichora yeye!

Mwezi wa pili, mstari mwekundu mpya ukajitokeza pembeni. Dirisha moja, mlango unaotazama mto. Effie akautambua mlango wake. Akamwendea Crispin moja kwa moja.

"Ile nyumba ni yangu, na bado naishi ndani."

"Aa, Bi Effie! Nilikuwa nakuja kwako. Wageni wamezidi, hawana pa kuegesha magari."

"Nimezaliwa mle, wewe! Unataka niende wapi?"

"Lakini umeona ilivyotoka vizuri? Upande ule ulikuwa mtupu mno."

Nyumba ikabomolewa kabla ya Pasaka. Effie alipewa chumba mjini, juu ya duka la samaki wa kukaanga, na kwa hisani ya Bwana Crispin, kadi ya kuingia bustanini bure maisha yake yote. Hasira haijamtoka, ila chumba kina baridi. Basi kila Jumapili hupanda basi, akaingia kwa mlango wake wa majani, akaketi kwenye meko ya dhahabu akiota moto. Wageni hawamshangai. Wengine humwomba asogee kidogo ili picha itoke vizuri.

Jioni mlinzi hupuliza filimbi.

"Bibi, toka humo! Unakanyaga maua ya watu."