Kapteni Anakufa Chumba cha Pili

"Tangu asubuhi unakufa, dada. Unakufa, unanyamaza, unakufa tena. Nikijilaza nipumzike, nasikia roho ya mtu inatoka ukutani."

"Hiyo ni kazi yangu, Bwana Pruitt, na unaijua. Wewe niambie umeandika nini mtandaoni."

Mimi nilikuwa nimeshatoka kibarazani na glasi yangu ya chai ya barafu. Hizi nyumba zetu za Garland, pembeni mwa Dallas, kuta zake ni za mbao nyembamba. Ukipiga chafya, jirani anakuombea heri. Lakini ugomvi mzuri nautaka na sura zake pia, nikasogea mpaka mlangoni kwa Pruitt walikosimama.

Janelle Hruska anakaa katikati, mimi kushoto kwake, Dwight Pruitt kulia. Janelle anatia sauti ya Kiingereza kwenye katuni za Kijapani. Miaka yote alikuwa sauti za pembeni: muuza tambi, abiria, mwanamke anayepiga yowe roboti likiangusha daraja. Mwaka huu ndipo alipopewa mhusika mkuu, kapteni wa meli ya angani inayobeba watoto waliolazwa usingizi kuelekea mwezi wa mbali. Anarekodia nyumbani, ndani ya kabati la nguo. Kuta za kabati alizibandika magodoro upande wa maegesho, kelele za magari zisiingie. Upande wa pili aliuacha mtupu, na huko ndiko Pruitt alikoegemeza kitanda chake.

Asubuhi ile mwongozaji wake, Tobin, alimpigia simu. Mtu ametangaza mtandaoni kwamba kapteni anakufa, na kipande hicho hata Japani hakijaonyeshwa. Kampuni inamshuku Janelle, kwa kuwa ndiye anayerekodia nyumbani. Asipojieleza kufikia jioni, kapteni anapewa mtu mwingine na sauti yake yote inafutwa.

"Nani mwingine anayenisikia nikifa?" Janelle akasema. "Ni wewe tu na kitanda chako."

"Na Bi Loreen je? Huyo anasikia mpaka maji yakichemka."

"Mimi niko kushoto," nikasema. "Kushoto kunasikika bafu tu."

Janelle alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Nawe nitakufikia, Bi Loreen. Usijifiche nyuma ya hiyo glasi."

Ukweli, na mimi nilimshuku Pruitt. Fundi viyoyozi mstaafu, mjane, pazia lake halifungwi, na kila gari likiingia anajua ni la nani. Mtu wa hivyo habari zote hizo anazipeleka wapi?

"Mimi nilidhani unapigwa," Pruitt akasema. "Nikawa namvizia huyo mwanamume atoke nimwone. Hatoki mtu. Mwisho nikaita polisi."

"Kumbe wale polisi ni wewe?"

"Walinirudia wakasema wamekukuta na pajama, unakula nafaka za boksi kwa maziwa."

"Mwezi mzima nawaza nani ananichongea. Na simu yako iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Ya kukunja, kioo kimepasuka. Janelle aliigeuza juu chini kama mtu anayekagua samaki sokoni, akamrudishia. "Kompyuta huna ndani?"

"Ninayo ya kuangalia hali ya hewa."

"Ahaa," Janelle akasema, na mimi pia nikasema ahaa.

Akafungua simu yake, akamsomea kama hakimu anayesoma shitaka: "Kapteni anageukia dirisha kubwa, anatupa mgongo, anakufa bila kusema neno."

Pruitt akakunja uso. "Bila neno? Basi huyu hajakusikia hata siku moja. Mbona kuna ile, 'nani atawaamsha watoto wangu'? Imenikaa kichwani mpaka naisema nikipiga mswaki. Mtu akikusikiliza wewe, hiyo ndiyo ya kwanza kuipeleka sokoni."

Janelle alisoma tena, midomo ikicheza. Halafu akasema polepole, "Na dirisha lenyewe mimi silijui."

"Hulijui vipi, na ni meli yako?" nikamuuliza.

"Picha wanazonitumia zimetiwa giza, kwa ajili ya siri. Naachiwa kiduara kimoja, mdomo wa kapteni, nipate kufuatisha unavyofunguka. Kwenye kile kipande hata mdomo haupo. Ni giza tupu na sentensi yangu."

Akampigia Tobin papo hapo, akaweka sauti ya nje ili tuwe mashahidi. Akamweleza: aliyevujisha ameliona dirisha na hana sentensi, yeye ana sentensi, dirisha hajaliona.

"Sentensi hiyo niliiweka mimi," Tobin akasema. "Kwa Kijapani hapo hasemi kitu. Kwa kuwa ametupa mgongo na mdomo hauonekani, nikaona nafasi ya kumpa neno la mwisho."

"Na picha isiyo na giza anayo nani?"

"Watu wachache, hapa ofisini." Sauti ikashuka. "Kapteni ni wako, Janelle. Jumatatu njoo tumalizie. Lakini haya usimwambie mtu."

"Sijamwambia mtu," Janelle akasema, huku akitutazama mimi na Pruitt.

Simu ilipokatika tulibaki tumesimama juani. "Huyo Tobin," Pruitt akasema, "mbona alinong'ona?"

"Na mimi nimemsikia," nikasema.

Janelle alikuwa anachungulia begani kwa Pruitt, ndani, kuitafuta ile kompyuta. Pruitt akaona, akasukuma mlango ukafunguka wote, moshi wa mti wa mwaloni ukatutokea.

"Ingia uikague, kapteni, lakini ukague umekaa. Nyama ya ng'ombe iko kwenye moshi tangu alfajiri, na maharage yapo. Nawe Bi Loreen, pita, weka hiyo glasi mezani ule."