King'ora cha Mzee Sefania

Mzee Sefania alikuwa amepanda miti ya serikali maisha yake yote, na kichwa kilipoanza kusahau, miguu iliendelea kukumbuka kazi. Angeinuka kitini, achukue panga, aseme anakwenda kukagua miche. Akishaingia kwenye ukungu wa kijiji chao cha Rangwi, hakuna aliyejua ataibukia wapi. Safari ya mwisho aliletwa na watu waliomkuta kwenye barabara ya Mlola, hana viatu, anawauliza kambi ya wapanda miti iko upande gani.

Mkewe, Efrazia, alikataa kumfungia kwa kufuli. Alisema mtu si mbuzi. Ndipo binti yao Scholastica, aliyekuwa na duka la vifaa vya shule Lushoto mjini, alipomleta fundi Martin. Fundi hakuvuta waya hata mmoja. Alibandika vidude viwili vyeupe mlangoni, kimoja kwenye ubao na kingine kwenye fremu. Vikiachana tu, king'ora kilichokuwa juu ya kabati kinalia, na simu ya Scholastica kule mjini inalia pia. Cha kukizima ni rimoti ndogo iliyotundikwa kwenye msumari kando ya picha ya Bikira Maria, au simu yenyewe ya Scholastica. Rimoti ilikuwa pia na kitufe cha dharura, cha kukiliza mtu akihitaji msaada.

Sauti ile ilimtesa mzee. Kila ilipolia alijiziba masikio na kuinama kama mtu anayepigwa, na Efrazia alikimbilia rimoti huku akimwambia, "Basi, Baba Schola, kimenyamaza." Mzee alikuwa akimtazama mkono. Hakuna aliyedhani kwamba anajifunza.

Alasiri moja, mvua ilipokatika, Efrazia alimwacha mumewe anasinzia akateremka kwenye matuta ya chini kukata kabichi, maana gari la mnunuzi lilikuwa njiani. Ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. King'ora kikalia. Efrazia akatupa kisu na kuanza kupanda, magoti yakimgomea, lakini kabla hajafika mbali sauti ikakatika. Akasimama. Schola amezima, aliwaza; labda ni upepo tena umesukuma mlango. Akaokota kisu, akarudi kwenye kabichi zake.

Kule mjini Scholastica alikuwa akimhudumia mteja. Simu ililia, na kabla hajaishika ikaandika kwamba king'ora kimezimwa. Alishukuru kimoyomoyo kwamba mama yuko ndani. Akamfungia mteja daftari zake. Kisha kitu kikamchoma: mama na magoti yale angewezaje kuiwahi rimoti upesi namna ile? Akapiga simu.

"Mama, baba alitaka kutoka?"

"Si wewe uliyezima?"

Scholastica alisikia pumzi za mama yake akipanda matuta, kisha mlango, kisha nyayo kwenye sakafu.

"Kiti kitupu," Efrazia alisema. "Na rimoti haipo."

Nje palikuwa peupe kwa ukungu. Mti wa parachichi uliokuwa hatua chache tu kutoka barazani ulikuwa umefutika. Efrazia aliita mpaka jirani yake Alen akaja na pikipiki. Alen alitaka kuwahi barabara ya Mlola, kwa kuwa ndiko alikopatikana mara ile, na Efrazia hakuwa na wazo bora zaidi. Alen akawasha pikipiki. Hapo ndipo king'ora kilipolia tena, ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Scholastica alitazama kioo cha simu. Safari hii haukuwa mlango. Iliandika dharura, na kwamba imetoka kwenye rimoti. Alimpigia fundi Martin, akamsimulia haraka haraka. Martin alimwambia kwamba rimoti ile haina nguvu ya kwenda mbali. Ikivuka shamba lao imekwisha.

"Mama, msiende Mlola," Scholastica alisema alipompigia tena mama yake, kwa sauti ya juu ili ashinde kelele. "Yuko hapo hapo. Yeye ndiye anabonyeza."

Alen akazima pikipiki. Lakini king'ora kilijaza bonde zima, na mtu aliye karibu asingesikika hata akipiga yowe. Scholastica akakizima kutoka mjini. Efrazia aliita jina la mumewe, akatega sikio. Hakuna. King'ora kikalia tena. Scholastica akazima tena. Wakaendelea hivyo, baba akikiliza huko alikokuwa na binti akikizima huko mjini, na katika kila kimya Efrazia na Alen walisogea kidogo kwenye ukungu wakiita.

Kisha binti akazima, na kikabaki kimya.

Scholastica alisimama nyuma ya kaunta, kidole juu ya kioo. Wateja walikuwa wakimsemesha. Ile kelele ndiyo iliyokuwa dalili pekee kwamba baba yake ana uhai, na yeye ndiye aliyekuwa akiikata. Alitaka kuiwasha mwenyewe, lakini ingewaziba masikio walioko kule. Akasubiri, akiomba kile kitu kilichomtesa baba yake kilie.

Hakikulia. Badala yake alisikia kwenye simu sauti ya Alen, kwa mbali, ikisema, "Mama Schola, kuna mtu anakohoa."

Walimkuta kwenye mfereji wa maji nyuma ya choo, mguu umebanwa kati ya mawe, maji ya baridi yakimpita kiunoni. Rimoti alikuwa ameing'ang'ania, ila vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havibonyezi tena. Alen alimbeba mgongoni. Efrazia alimvua nguo zilizolowa, akamfunga blanketi, akamkandakanda miguu mpaka rangi ikarudi.

Scholastica alifika kabla ya giza. Alipiga magoti mbele ya kiti, akasema, "Shikamoo, baba. Ulikuwa unatuita?"

Mzee alimtazama, akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufariki, akamuuliza kama miche imefunikwa. Scholastica alimjibu kwamba imefunikwa yote.

Fundi Martin alileta rimoti nyingine, ambayo Efrazia huivaa shingoni hata akiwa shambani. Ile ya mzee fundi aliibadilisha ibaki na kazi moja tu, ya kuita, na Efrazia akaishonea kwenye mfuko wa koti la mumewe. Mzee huibonyeza ovyo, akila, akisali, akiota jua barazani. Alen alipouliza kwa upole kama haiwezekani kumnyang'anya, Efrazia alitikisa kichwa.

"Mwache abonyeze," alisema. "Afadhali nikimbie bure."

Na kila king'ora kinapolia, hukimbia.