Saraka Ilisema Karibu

Pale hospitalini fundi wa kompyuta walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa. Asubuhi hiyo hata kutulia kitini kulimshinda. Nyuma yake alisimama metroni, na pembeni dada yake, muuguzi wa wodi ya upasuaji. Dawa za maumivu zilikuwa zikitolewa stoo kwa jina la dada huyo, na mchana kamati ya nidhamu ilikuwa inamngoja. Aliapa si yeye. Lakini nani angemsadiki, ikiwa hifadhidata, kumbukumbu ya dawa kwenye kompyuta, ilisema ni yeye? Na maneno ya siri ya hifadhidata hiyo wodi nzima iliyajua, kama walivyojua nani hukoroma zamu ya usiku.

"Kuanzia leo hifadhidata haitunzi tena neno la siri la mtu," Kiherehere alieleza. "Ukitaka kuingia, itaiuliza saraka, ile inayotutambua wafanyakazi wote: huyu ndiye? Na neno la saraka ndilo mnalofungulia hati ya mshahara."

"Hilo hata mume wangu simpi," metroni alisema.

Metroni akaandika neno lake, akaingia. Akaandika la uongo, akakataliwa. Kiherehere alipiga makofi peke yake, furaha imempanda mpaka masikioni, kidole tayari kimeelekea kitufe cha kuwasha mfumo mpya hospitali nzima.

"Subiri kwanza, mdogo wangu," dada alisema. Akaandika jina la metroni, nafasi ya neno la siri akaiacha tupu, akabonyeza. Akaingia.

"Kwa hiyo sasa wewe ni mimi," metroni alisema polepole.

Kiherehere aliinamia kioo, akaliona kosa lake. Saraka isipopewa neno lolote humchukulia mtu kuwa mgeni tu, na humwambia karibu. Hifadhidata nayo, kwa jinsi alivyoiandika yeye, ilidhani karibu ni ndiyo. Haraka haraka haina baraka, na nusura haraka yake impe mwizi mlango mpana kuliko ule wa zamani.

"Mchana si mbali, na kamati haitangoja," metroni alisema.

"Nipe dakika, mama. Tafadhali."

Akaandika: neno likiwa tupu, kataa, usiulize saraka. Dada akajaribu tena. Akakataliwa. Akajaribu jina jingine. Akakataliwa.

"Washa," metroni alisema.

Kioo kikaanza kuonyesha wanaoingia: mfamasia, wauguzi wa wodi ya watoto, daktari wa zamu. Kisha likatokea jina la dada, kutoka kompyuta ya stoo. Limekataliwa. Likatokea tena. Limekataliwa.

Metroni alimtazama dada, aliyesimama hapo hapo, mikono kaikunja kifuani.

"Nimekukosea, mwanangu," alisema, akatoka kuelekea stoo karibu akikimbia.

Dada alikaa chini akalia kwa sauti. Kiherehere alimkumbatia, na hakuwa na haraka ya kumwachia.