Nyundo ya Akina Bratvold

Arvid Bratvold aliileta bastola mezani ikiwa imefungwa kwenye taulo la jikoni, akaifungua polepole, kama mtu anayemfungua mtoto nepi. Alikuwa na umri wa miaka themanini na sita, na tangu Machi nyonga yake ya kushoto ilikuwa ya chuma. Binti yake Lorna, mpima ardhi aliyezoea kuamini kifaa kuliko jicho, aliketi mbele yake akingoja kuambiwa kwa nini ameitwa kutoka mjini Billings katikati ya wiki.

"Ipeleke kwa Pelletier," Arvid alisema. "Aisugue, aitie rangi, iwe nyeusi yenye ubuluu kama siku ilipotoka kiwandani. Mpini auweke mpya. Naitaka kabla ya siku ya kupiga ndama chapa."

"Ya nini, Baba? Tangu nizaliwe inalala kwenye droo ya soksi."

"Nampa Ray."

Ray Uecker alikuwa jirani yao wa upande wa mashariki. Arvid alipoteleza kwenye barafu ya zizi na kuvunjika, ng'ombe wake walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuzaa. Barabara zilikuwa zimefungwa na theluji, na Lorna alikuwa Billings na kazi aliyoshindwa kuiacha. Ray ndiye aliyezalisha ng'ombe wa Bratvold msimu mzima, akimaliza wa kwake kwanza kisha akivuka kuja kwao. Ndama waliokufa mwaka huo walikuwa wachache kuliko mwaka wowote ambao Arvid aliukumbuka. Huo ulikuwa ukweli, na Lorna, ambaye ndiye aliyepaswa kuwa kwenye lile zizi, hakuwa amepata namna ya kuutolea shukrani.

Tatizo ni kwamba kazi kama ile hailipwi. Jirani ukimpa fedha kwa kukuzalishia ng'ombe, utakuwa umemwita kibarua, na usishangae akikupita dukani bila salamu mpaka baridi irudi. Unamlisha siku ya kupiga chapa, basi. Na zamu yake ya shida ikifika, unakwenda.

"Zamu yake ikifika, mimi nitakuwa siwezi hata kufungua geti," Arvid alisema. "Nife nimemwachia fadhila za punda?"

"Basi mpe kama ilivyo."

"Na kutu hii? Kitu hakivuki ua kwenda kwa jirani kikiwa kichafu. Ndoo, trela, hata koleo. Baba yangu angenichapa." Aliusukuma mtutu kwa kidole upande wa bintiye. "Lakini macho yangu yamechoka, na wewe ndiye mtu wa vipimo. Kaitazameni na Pelletier, kisha uamue. Sitabisha."

"Utabisha."

"Kidogo tu."

Pelletier, fundi wa bunduki, alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake, na alikuwa mtu wa kueleza jambo bila kulipamba. Aliiweka bastola chini ya taa, akaigeuza. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeliwa na vishimo vya kutu. Chuma cha kitako kilikuwa kimebonyea na kukatika katika sehemu kadhaa, na mti wa mpini ulikuwa umepasuka mwishoni.

"Mtu alikuwa akipigia misumari na hiki kitako," alisema.

"Babu yangu. Alikuwa akijenga ua wa seng'enge."

"Huku kwetu nusu ya bastola za zamani ziko hivi. Sijui wazee wetu walikuwa na ugomvi gani na nyundo." Akaishika karibu na taa. "Naweza kuifanya mpya, dada. Na nitaifanya vizuri. Lakini vishimo haviondoki mpaka uondoe tabaka zima la chuma lililovizunguka. Herufi za kiwanda zitafifia, kona zitakuwa butu kidogo. Kitako nitakijaza na kukisawazisha."

"Na nisipotaka hivyo?"

"Tunaichemsha. Unajua kwa nini?"

"Kutu nyekundu kwenye maji safi yanayochemka hugeuka nyeusi, na huacha kula chuma."

"Hiyo hiyo. Kisha naipiga brashi laini na mafuta. Makovu yanabaki. Kwa mnunuzi wa vitu vya kale hiyo ndiyo bora, kwa mzee wako ni aibu. Uamuzi si wangu."

Kwa hesabu ya kawaida, jibu lilikuwa tayari. Lakini Lorna hakuwa akiiuza, na hoja ya mnunuzi haikuwa na uzito katika zawadi. Swali lilikuwa jingine: Ray akiishika, ataona nini? Hilo hakulijua, na hakupenda kuamua jambo asilolijua. Aliiacha bastola kwa Pelletier, akamwomba asiiguse mpaka apigiwe simu.

Kesho yake alikwenda kukarabati ua. Katika nchi ile, majirani wawili hukutana katikati ya ua wa mpaka, wakatazamana, na kila mmoja hutunza nusu iliyo mkono wake wa kulia. Nusu ya Bratvold ilikuwa ikingoja tangu theluji iyeyuke. Lorna aliendesha gari kando yake mwendo mrefu bila kupata kazi: nguzo zimesimama, waya umekazwa, misumari ya kupinda imegongwa upya. Katikati alimkuta Ray ameketi juu ya bampa la gari lake, anakula mkate wenye nyama, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

"Umevuka, Ray. Hii ni nusu yetu."

"Kweli?" Alitazama mikono yake yote miwili. "Shida yangu ni kulia na kushoto. Tangu darasa la kwanza."

"Miaka yote hii hujawahi kukosea."

"Uzee umeanza, dada yangu. Tena wewe mwenzangu usicheke, mvi zako naziona toka hapa."

Lorna aliegemea nguzo. "Ray, unaikumbuka bastola ya babu yangu?"

"Ile nyundo?"

"Nyundo gani?"

Ray alimeza kwanza, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Kwetu inaitwa hivyo. Siku wanaufunga ua huu, babu yangu ndiye aliyebeba vifaa. Kahawa alikumbuka, tumbaku alikumbuka, nyundo akaiacha jikoni. Tufani ya theluji inakuja, ng'ombe wa pande zote mbili wanakaribia kuchanganyika, nyumbani ni nusu siku kwa farasi. Babu yako akatoa risasi zote, akazitia mfukoni, akaanza kugonga misumari kwa kitako. Babu yangu akishika waya na kuomba Mungu."

"Mwenye akili timamu hafanyi hivyo."

"Nani kakwambia walikuwa nazo?" Akacheka. "Lakini ua ulisimama. Babu alisema ng'ombe wangechanganyika siku ile, sisi leo tungekuwa vibarua kule Oregon, tunachuma matufaha. Mpaka leo mtu akisahau kifaa, tunamwambia: nenda kaazime nyundo ya akina Bratvold. Nilipokuwa mdogo, mzee wako alinipa niishike. Kitako kimekatika-katika, kama panya alikitafuna. Nikatia kidole humo. Bado iko?"

"Bado iko."

"Vizuri."

Lorna akavuta pumzi. "Ray, kuhusu ile Machi…"

"Waya ule wa juu umelegea," Ray alisema, akinyanyuka. "Njoo unishikie."

Alimshikia. Waya haukuwa umelegea.

Jioni ile alimweleza baba yake alichoamua, na baba yake akabisha, si kidogo.

"Unataka nimpe mtu kitu kibovu mbele ya majirani wote?"

"Pelletier akiisugua, ile mikato inakwenda na vumbi. Ray atapokea bastola nzuri ya mtu asiyemfahamu. Na bastola nzuri ina bei, Baba. Atakachoona ni bei. Utakuwa umemlipa."

Hilo Arvid hakuwa amelifikiria, na uso wake ulionyesha kwamba limemfika.

"Hii ya sasa wanaijua," Lorna aliendelea. "Nyumba nzima ya Uecker inaiita nyundo ya akina Bratvold."

"Nyundo?"

"Tangu enzi za babu yake."

"Hawajawahi kuniambia."

"Wangekuambia usoni?"

Mzee alianza kucheka, akaishika nyonga yake, akacheka huku anauma meno. Alipotulia alisema, "Ichemshwe. Lakini mpini upakwe mafuta. Hilo sitaki mjadala."

Siku ya kupiga chapa, majirani walipokwisha kunawa vumbi na damu na kukaa kwenye meza ndefu nje ya ghala, Arvid alimwita Ray na kumpa lile taulo. Ray alilifungua. Kwanza aliizungusha silinda ya risasi, akachungulia tundu moja baada ya jingine kuhakikisha ni tupu, kama afanyavyo yeyote aliyelelewa vizuri. Kisha kidole gumba chake kikaenda chini ya kitako, kikatulia pale.

"Mzee, hii siwezi," alisema. "Hii ni yenu. Ni haki ya Lorna."

Watu walimgeukia Lorna. Alikuwa ameshika bakuli la saladi ya viazi, akaliweka chini.

"Wewe ulikuwa kwenye zizi letu, na mimi nilikuwa Billings," alisema. "Ningepaswa kuwa mimi. Ndama wale wote mle zizini wako hai kwa sababu yako, na Baba hakulala kitandani hospitalini akiwaza. Nakushukuru, Ray. Ukitaka nikushikie waya mwingine ambao haujalegea, nitakushikia, lakini kwanza chukua."

Ray alitazama kule waliko ng'ombe.

"Chukua useme asante," mkewe Darlene alimwambia kutoka upande wa pili. "Nyama inapoa."

"Asante," Ray alisema. Hakuirudisha kwenye taulo. Aliiweka mezani karibu na sahani yake, akaketi. Arvid, aliyekuwa ameandaa maneno mengi ya kusema, aliona hayahitajiki tena, akaomba apitishiwe maharagwe.