Kibanja Kisicho na Kaburi

Polikarpi alipokuja kuitazama nyumba, swali lake la kwanza halikuhusu bati wala maji. Aliuliza kama kuna kaburi. Stephania akamjibu kwamba hakuna, na alisema kweli kadiri alivyojua. Mumewe Yustasi walimzika Bweranyange, kwenye kibanja cha baba yake. Hiki cha Ihanda walikinunua wenyewe wakiwa vijana, wakapanda migomba na mibuni, wakajenga. Mtoto wao wa pekee alizaliwa amekufa, na watu wa hospitali ndio waliomzika. Ndivyo Yustasi alivyomwambia alipozinduka kutoka kwenye dawa za upasuaji, na Yustasi hakuwa mtu wa uongo. Mtoto mwingine hawakumpata.

Polikarpi akaridhika. Nani anunue nyumba yenye wafu wa watu? Alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, mcheshi, tumbo likimtangulia, na bei aliyoitaja ilikuwa ya mtu mwenye haja. Stephania akaikubali. Tangu Yustasi afariki, nyumba ile ilikuwa imemwelemea. Akipakua chakula, mkono ulijiendea wenyewe kwenye sahani ya pili. Dada yake Joviness alikuwa amekwisha mwandalia chumba kule Songambele, na kila akipiga simu aliuliza anakuja lini.

Siku ya mapatano rubisi, pombe ya ndizi, ililetwa kwenye kibuyu. Wifi yake Adventina alikuja na bodaboda kutoka Bweranyange ili asimame kwa niaba ya ukoo, maana Yustasi hakuwa na kaka. Kahigi, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyekuwa shahidi. Kibuyu kikazunguka, kila mmoja akanywa. Karatasi zingefuata baadaye, lakini kwa watu wa pale, aliyekunywa rubisi ya mauziano amekwisha toa neno lake.

Kisha Kahigi akawatembeza mipakani. Njiani Polikarpi akatania, "Mama, nisije nikamkuta babu humu ananidai kodi." Wakacheka wote isipokuwa Adventina. Stephania akadhani ni uchovu wa safari.

Walipofika nyuma ya jiko, Polikarpi akapapenda. Palipata jua tangu asubuhi. Akasema atapasakafia apate pa kuanikia kahawa, na migomba ile ataing'oa. Akaupiga teke dogo mgomba uliokuwa mbele yake, kama anayeupima.

"Hapo usipaguse," Adventina akasema.

"Shangazi, ndizi tu hizi. Nitakuletea mkungu mzima mpaka Bweranyange."

"Si ndizi."

Kahigi akamuuliza ni nini basi. Adventina hakumjibu yeye. Alimgeukia wifi yake, akaanza kusema kwa Kinyambo, polepole, kama wako wawili tu. Mtoto yuko hapo. Yeye na Yustasi walimleta kutoka hospitali, Stephania akiwa bado hana fahamu, wakamzika wenyewe wakapanda mgomba juu yake. Walikuwa wamelelewa wakiamini kwamba mama akiliona kaburi la mtoto ambaye hakulia, tumbo lake hufungwa. Kwa hiyo Yustasi alimwapisha dada yake, na yeye akaapa.

Stephania aliyasikia maneno yale kama mtu asikiavyo mazungumzo ya nyumba ya jirani. Kwanza alifikiri wifi yake amelewa. Halafu akautazama mgomba. Alikuwa akimwaga majivu pale kila asubuhi, na maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa akikata mikungu yake, akimenya, akipika. Yustasi hakula matoke ya mgomba ule hata siku moja. Alisema ni machungu, naye Stephania alimcheka akala peke yake.

Akamgeukia wifi yake. "Mbona uliniacha niuze nikidhani hakuna kaburi?"

"Kaburi ni la mtu aliyelia, wifi. Hili wazee hawalihesabu. Nikasema moyoni, mwache aende kwa dada yake akapumzike. Nilipouona mguu wa huyu bwana pale, nikashindwa."

Polikarpi akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ataiacha sehemu ile, ataizungushia ua, na mama aje wakati wowote apendao. Kahigi akamuunga mkono, akaongeza kwamba maji yamekwisha kumwagika, na kwamba Ihanda nzima hajawahi kumwona mtu aliyekunywa kisha akageuka.

"Nije nibishe hodi kwako ili nimwone mwanangu?" Stephania akauliza.

"Mama, ulikubali."

"Nilikubali kuuza nyumba isiyo na mtu. Siuzi tena."

Sasa Polikarpi akakasirika. Alimwambia Kahigi, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba huko ndiko kufanya biashara na wajane: asubuhi neno hili, mchana neno lile. Lori la kokoto alikuwa amekwisha liagiza. Nani atamsikiliza akisema amerudishwa na mgomba? Akaondoka bila kuaga. Kahigi akamfuata akitikisa kichwa, na Stephania akajua kwamba kabla ya jioni watakuwa wakimsema mpaka barabarani, na kwamba kile kitanda cha Songambele hatakilalia.

Wakabaki wawili. Stephania akaketi chini palepale, kwenye majani makavu ya migomba.

"Alikuwa wa nini?"

Adventina hakuelewa.

"Wa kike au wa kiume? Kaka yako aliniambia hakumtazama."

"Alimtazama sana," Adventina akasema. "Alikuwa wa kike. Yeye ndiye aliyemfunika, mimi alinikataza."

Akachuchumaa, akayasogeza majani kwa kiganja, akaonyesha udongo. Kichwa kilikuwa upande wa jiko, akasema, na miguu upande huu.

Stephania akatazama alipokuwa ameketi, akasogea.